Taulo la Shingoni

"Njooni mwone!" Mwalimu mstaafu alianza kupiga kelele kabla hajavuka kizingiti. "Njooni mwone nilivyofanywa humu ndani!"

Ilikuwa asubuhi ya mwisho wa wiki, viti vyote viwili vina watu na benchi limejaa. Mwalimu aliivuta kola ya shati, akageuka taratibu ili kila mmoja apate zamu yake ya kutazama. Shingo yake ilikuwa imezungukwa na mstari mwekundu, mpana, umejaa vipele vilivyotuna. Ulianzia chini ya sikio moja, ukapita kisogoni, ukaishia chini ya sikio la pili. Palepale taulo linapokaa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nilizima mashine. Mjomba naye akaizima ya kwake. Kilichobaki kusikika ni pampu ya tangi la samaki tu. Na Mjomba, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yangu, badala ya kumtazama mgonjwa, akanitazama mimi.

"Nilimnyoa mimi mwenyewe," akawaambia watu wa benchi. "Wembe mpya, nimeufungua mbele yake. Mashine nimeifuta kwa spiriti. Taulo je? Taulo anafua nani?"

Anafua nani! Kama mgeni vile. Katika saluni hii taulo nafua mimi, naanika mimi, napiga pasi mimi, na kukunja nakunja mimi, mara tatu kwa urefu, pindo limeingia ndani, kwa sababu pindo likikaa nje linakwaruza shingo ya mteja. Nimefanya hivyo tangu nilipokuwa mtoto wa kufagia nywele. Wateja wananiita Wembe, na wala si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya mdomo. Lakini siku ile mdomo ulinikauka.

"Mwalimu," nikasema hatimaye, "labda kuna kitu umekula kimekukataa."

"Nimekula kwa shingo?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi niliinama, nikajifanya natafuta kichana.

Ngoja kwanza niwaeleze habari ya hilo tangi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alileta televisheni kubwa ya kuonyesha mpira, wateja wetu wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Mjomba alinuna wiki nzima. Kisha siku moja akaja na wabebaji wanne wamebeba sanduku la kioo refu kuliko kitanda changu, wakaliweka ukutani mkabala na vioo. Mwenzake kaleta mpira, yeye akaleta bahari. Maji ya chumvi, taa ya buluu, samaki wenye milia, na matumbawe hai juu ya mawe. Mimi maisha yangu yote nilidhani matumbawe ni mawe. Kumbe ni wanyama! Yanafungua vidole, yanafumba, yanakula, yanagombania nafasi na jirani. Ukikaa kwenye kiti unyolewe, unayaona kwenye kioo, nyuma ya kichwa chako.

Watu walirudi. Watoto waliokuwa wanalia wakiona mashine sasa walikaa kimya, macho kodo kwenye kioo. Na Mjomba akalipenda lile tangi mapenzi ya uzeeni, yale yasiyo na dawa. Kulikuwa na tumbawe moja la rangi ya haradali, lenye matawi na ncha nyeupe, ambalo halikununuliwa. Lilikuja limejificha juu ya jiwe, likaota lenyewe. Mjomba akaliita Mgeni. "Mgeni kaongeza tawi," ndivyo alivyonisalimia asubuhi, hata hali yangu haniulizi. Mimi nilipigwa marufuku kutia mkono. Eti nina mikono mizito. Haya, nikamwachia bahari yake.

Sasa rudini kwa Mwalimu na shingo yake. Nataka mwelewe kilichonikaba siku ile. Mwanamke akishika wembe wa ndevu, watu humtazama mara mbili. Mwanzoni nilikaa nyuma ya kiti cha pili nikipiga miayo, wateja wanapanga foleni ya Mjomba kama mimi ni koti limetundikwa. Nimewapata mmoja mmoja. Nimetumia ujana wangu kuwazoesha watu wazima wafumbe macho huku nimeshika chuma kikali kooni mwao. Mjomba macho yameanza kumchoka, alikuwa ameshatangaza mbele ya watu kwamba kiti cha kwanza, kile cha karibu na mlango, kitakuwa changu. Kilichokuwa kimebaki ni yeye kuinuka tu. Na kazi hii bwana, ukiitwa mvivu utasamehewa, ukiitwa ghali utasamehewa. Ukiitwa mchafu, umekwisha. Hakuna mlango utakaokufungukia, hapa wala kwingine.

Basi nikaingia vitani. Nilichemsha taulo zote kwenye sufuria kubwa mpaka zikakonda. Nilibadili sabuni. Nilizipiga pasi pande zote mbili. Mikono ikanichubuka mpaka nikawa nashika kichana kwa ncha za vidole. Halafu nikaongeza spiriti. Kila shingo iliyokaa mbele yangu niliipulizia kabla na baada, pwii, pwii, mbele ya macho ya watu, ili hata kipofu ajue hapa pana usafi. Kinyozi anaamini spiriti kuliko anavyoamini dua. Ukikatwa, spiriti. Ukiota chunusi, spiriti. Ukiumwa na jino nina hakika yupo kinyozi atakayekuambia ufungue mdomo akupulizie.

Mjomba hakunisaidia wala hakunizuia. Alikuwa akinyoa kimya. Siku hizo alikuwa ameanza kuvaa mashati ya mikono mirefu, joto lote lile, feni mbili zinazunguka, na vifungo amefunga mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nikamtania, "Mjomba, umepata kazi benki?" Hakucheka.

Kisha akaja dereva wa lori.

Dereva ni pande la mtu, akikaa kwenye kiti kiti kinaomba msaada. Alifika tunafungua tu, akataka kunyolewa upesi ashike safari. Mjomba alikuwa hajamaliza kulisha samaki, kwa hiyo nikampokea mimi. Nilichukua taulo la juu kabisa kwenye rafu. Lilikuwa limekunjwa vibaya, mara mbili tu, nikajilaumu kwa haraka zangu. Nikamfunga shingoni, nikaanza kazi, huku tunapiga soga za barabarani. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshakwisha alipoanza kujinyonganyonga.

"Dada, shingo inawasha."

"Ni nywele hizo. Tulia."

"Inawasha nakwambia."

Nami, mwerevu wa wenyewe, nikachukua chupa yangu. Pwii.

Jamani! Yule bwana alipiga ukelele ukasikika mpaka kwa fundi viatu. Aliruka kutoka kwenye kiti, kitambaa cha kunyolea kikipepea mgongoni, anajikwangua shingo kwa mikono yote miwili. "Umenichoma! Umenitia nini wewe mwanamke?" Wekundu ulikuwa unapanda mbele ya macho yetu, upana uleule, njia ileile ya Mwalimu. Nikataka kumfuta, akanisukuma. Alitoka nje kichwa nusu kipara nusu msitu, akavuka barabara moja kwa moja mpaka kwa jirani wa televisheni.

Watu wa ng'ambo walitoka nje kutuangalia. Mjomba aliliweka chini kopo la chakula cha samaki. Kisha akaniita nyuma, kwenye kistoo cha masinki.

"Mama," akasema. Akiniita mama, ujue kuna jambo. "Nenda nyumbani upumzike kidogo. Watu wapoe."

"Nipumzike nimechoka nini?"

"Usinifanye niseme mara mbili. Watakaokuja watauliza nani kafunga taulo. Nikisema umepumzika, watakaa. Ukiwapo, watavuka."

"Kwa hiyo na wewe unaamini mimi mchafu?"

Alifungua bomba akanawa mikono ambayo ilikuwa safi. Nilivua koti la kazi nikalitupa kwenye sinki, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nililia njia nzima, kilio cha hasira, kile kinachokuja na kwikwi.

Nyumbani hakukukalika. Nimepanga chumba kimoja, ua tunachangia na mama mwenye nyumba. Nilifagia chumba. Nikafagia tena. Nikahamisha kitanda ukuta wa pili, nikakirudisha. Nikatoka na nguo zangu nifue, na mama mwenye nyumba, mtu tuliyekuwa tunaazimana hata kiberiti, akaniona, akainuka polepole, akasogeza beseni lake mbali na langu.

"Naogopa litamwagikiwa," akasema.

Litamwagikiwa na nini, mama wa watu! Habari ilikuwa imeshafika uani. Niliziacha nguo ndani ya maji, nikaingia ndani nikafunga mlango. Sikuweza kukaa, sikuweza kulala, chakula hakipiti. Mwili mzima uliniwasha, na mimi hata sikuwa nimefungwa hilo taulo. Niliwaza kila kitu upya: sabuni, maji, kamba ya kuanikia, pasi. Kila nikifika mwisho nakuta ni mimi. Nikarudi mwanzo, nikawaza tena.

Asubuhi nikajiambia nimesahau mkasi wangu. Uongo mtupu, mkasi ulikuwa mkobani. Lakini mtu anahitaji kisingizio cha kwenda kwake mwenyewe.

Mlango wa saluni ulikuwa umeegeshwa tu. Mjomba alikuwa peke yake mbele ya tangi, amepandisha mkono wa shati mpaka begani, ameutia mkono majini mpaka kwenye kwapa. Alikuwa akipanga mawe upya, akinong'ona, "Tulia basi, Mgeni, tulia, naye jirani yako aishi." Kisha akautoa mkono.

Nilishika mlango. Ule haukuwa mkono ninaoujua. Kutoka kifundoni mpaka juu ya kiwiko ulijaa michirizi, mipya myekundu juu ya ya zamani iliyokwisha kuwa myeusi, na malengelenge madogo katikati, na mahali pengine amejikuna mpaka ngozi imetoka. Mjomba alivuta pumzi kwa meno. Bila kutazama, mkono wa pili ukanyooka mpaka kwenye rafu, ukachukua taulo la juu kwenye taulo zangu, ukajifutia mkono wote ule kuanzia begani kushuka. Akalitundika taulo mbele ya feni. Akarudi kuangalia kioo, anatabasamu na wanyama wake. Taulo lilipokauka, nami bado nimeganda mlangoni, alilichukua, akalikunja, akalipigapiga kidogo, akaliweka mahali pake, juu ya mengine. Kinyozi haachi taulo limezagaa. Hicho alinifundisha yeye.

Alilikunja mara mbili.

Nikaliona taulo la dereva. Nikaona kwa nini walioungua, Mwalimu na dereva, wote wawili walikuwa wateja wa kwanza wa asubuhi. Nikaona mashati ya mikono mirefu.

"Mjomba."

Alishtuka. Na kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kunijibu, kabla hata ya kugeuka, alishusha mkono wa shati akafunga kifungo.

"Si nilikwambia upumzike?"

"Fungua hicho kifungo."

"Mbu hao, mama. Mwaka huu mbu wamezidi."

"Mbu gani anauma kwa mistari?"

Akakaa kwenye benchi la wateja. Alionekana mzee kuliko jana. "Matumbawe yanachoma," akasema. "Hasa huyu Mgeni. Yana vijimiba vidogo, huvioni kwa macho, na kila kijimiba kina sumu yake. Muuza samaki aliniambia nivae glovu ndefu. Nikivaa glovu sihisi kitu, navunja matawi. Mwanzo ilikuwa inawasha kidogo tu, kesho yake imekwisha. Sasa kila nikiguswa mwili unakasirika zaidi. Mahali pengine panapoa kabisa, halafu baada ya siku nyingi panainuka upya penyewe, sijagusa hata maji."

"Na taulo?"

"Yale ni maji ya chumvi tu. Yakikauka yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani, Mjomba? Hivyo vijimiba vimebaki kwenye nyuzi! Vinangoja shingo yenye jasho. Vinangoja spiriti yangu ivichokoze!" Hapo nikajisikia mwenyewe ninachosema, na joto likanipanda usoni. Wale watu wote niliowapulizia kwa mbwembwe. Lakini hilo nililiweka kando, lingekuwa na siku yake. "Ulijua?"

"Mkono nilijua. Shingo sikujua."

"Lini ukajua?"

Pampu ilibubujika pale ukutani.

"Jana, kwa yule dereva, nilihisi," akasema. "Nikajiambia haiwezekani."

"Ukahisi. Kisha ukanipeleka nyumbani."

"Sikiliza, mama. Watu wakisikia tangi lina sumu, wote wamevuka. Nitabaki na nini? Na mikono hii, na macho haya? Wewe ni damu yangu, utavumilia. Mteja havumilii. Jina lako litarudi tu, watu wanasahau."

Wanasema damu nzito kuliko maji. Labda waliosema hawajawahi kupima maji ya chumvi. Nilimpenda yule mzee kuliko mtu yeyote aliye hai, yeye ndiye aliyenichukua mama alipofariki, yeye ndiye aliyenishikisha wembe mkononi wakati kila mtu anamwambia utamharibu binti. Na saa ile nilimchukia mpaka nikasikia ladha yake mdomoni.

Sikuwahi kumjibu. Mlango ulisukumwa akaingia Mwalimu, shingo imepakwa dawa nyeupe, amebeba taulo lake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki. Nyuma yake dereva, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, nimekuja unitengeneze," dereva akasema, akavua kofia. "Yule wa ng'ambo kaninyoa huku anatazama mpira." Na kweli, kile kichwa kilikuwa na mabonde. Kisha akaniona. "Aa! Huyu karudi?"

"Mimi nasubiri Mzee," Mwalimu akasema, hanitazami. "Na taulo nimekuja nalo."

Nilikwenda kwenye rafu, nikachukua taulo la juu. Nikakaa kwenye kiti cha kwanza, kile changu, nikawa naangalia kioo.

"Mjomba, nifunge."

Alijua. "Mama, acha."

"Si taulo langu? Si nimefua mimi? Nifunge watu waone."

Alinyoosha mkono, ukafika katikati, ukarudi. Hakuweza. Basi nikalizungusha mwenyewe, nikalibana vizuri, nikalisugua kulia na kushoto kama ninavyowafanyia wateja. Kisha nikachukua chupa ya spiriti nikajipulizia kuizunguka shingo yote, nikaiweka chini, mikono nikaipumzisha kwenye kiti.

Kwanza haikuwa kitu. Baridi ya spiriti tu. Halafu ikaanza kama upupu. Halafu mtu akanizungushia waya wa moto. Machozi yalitoka yenyewe, lakini sikuinua mkono. Kwenye kioo nilikuwa naona pindo la taulo, na chini yake wekundu unatambaa, na nyuma ya kichwa changu Mgeni na ncha zake nyeupe kwenye mwanga wa buluu, ametulia, hana habari.

"Ndivyo!" dereva akapiga kelele. "Ndivyo hivyo hivyo! Inaanza kuwasha, halafu moto!"

Mwalimu akavaa miwani akasogea. "Lakini hili taulo ni safi," akasema polepole. "Linanukia pasi."

Sikusema neno. Mimi, Wembe! Ningeweza kusema yote kwa pumzi moja, ushahidi ninao, mkono wa mtu uko ndani ya shati palepale. Lakini nilitaka aseme yeye. Nilimtazama Mjomba kwenye kioo tu. Nilijua kabisa kwamba akinyamaza, nitainuka, nitatoka, na wembe sitaushika tena, maana hata nikipona shingo, nitakuwa nimekubali kuitwa mchafu.

Mjomba akaenda nyuma ya tangi. Akainama, akatoa chupa. Akalifungua taulo shingoni mwangu taratibu, bila kulisugua hata kidogo, akalitupa sakafuni. Akalowesha pamba, akaibonyeza juu ya ngozi yangu, mahali kwa mahali, kwa ule mkono wake mwepesi. Moto ukapungua kidogo. Harufu ikajaa saluni nzima.

"Siki hiyo," Mwalimu akasema. Akavua miwani. "Mzee, saluni yako ina siki ya nini?"

Pamba ilisimama shingoni mwangu. Mimi mwenyewe ndipo nilipoelewa lile swali lilivyokuwa zito: chupa ya dawa ya kuungua huku ilikuwapo siku zote hizo, nusu imetumika, hatua chache kutoka kwa watu waliokuwa wanaungua, na mimi niko pale nawapulizia spiriti na yeye ananitazama.

Akaiweka pamba chini. Akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja mpaka juu ya kiwiko, akauinua watu wauone.

"Si yeye," akasema. Akamgeukia Mwalimu. "Si yeye. Ni mimi. Nafuta mkono wangu wa tangi kwa taulo zake, nazirudisha. Yanayowachoma ni matumbawe yangu. Taulo zake hazijawahi kuwa chafu hata siku moja. Nimemwacha abebe uchafu wangu kwa sababu naliogopea tangi."

Mwalimu ndiye aliyeanza, na alipoanza hakukoma, alimgombeza Mjomba pale kama mwanafunzi aliyechoma dawati, habari ya aibu, habari ya kumtoa kafara yatima. Mjomba alisimama mkono uko wazi, akapokea yote. Mimi nilikaa kwenye kiti nikalia, sasa kwa sauti, na dereva hakujua la kufanya, akanipa kofia yake nijipangusie machozi.

"Imefuliwa lini hii?" nikamwuliza.

"Usinianze," akasema.

Tangi bado lipo. Watu hawakuvuka, tena wengine walikuja makusudi waonyeshwe mnyama aliyemchoma Mwalimu. Lakini Mgeni hayupo, muuza samaki alikuja kumbandua na jiwe lake, na Mjomba alitoka nje mpaka kazi ilipokwisha. Sasa anavaa glovu za mpira mpaka kwenye kwapa, anavunja matawi na kulaani. Taulo lake lina rangi nyekundu, limetundikwa kwenye msumari wake, hata mtoto anajua halishikwi. Daktari wa ngozi amemwambia mwili wake umeshayajua matumbawe, safari nyingine unaweza kumfunga koo kabisa. Kiti cha kwanza nakalia mimi. Mama mwenye nyumba alirudisha beseni karibu na langu, na mimi nikalisogeza la kwangu.

Na Mjomba? Tulifanya kazi pamoja, nikimpa mkasi akiomba mkasi. Aliniomba radhi mara nyingi. Nilisema nimesikia. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Shingo yenyewe ilipona, ikabaki kivuli cha hudhurungi. Nikasahau. Halafu asubuhi moja, muda mrefu baadaye, niliamka inawasha, na kwenye kioo mstari wote ulikuwa umeinuka upya, mwekundu, vipele vimesimama, kama vile nimefungwa taulo jana. Nilivaa kola ndefu nikaenda kazini. Kufika saa ya joto kola ilikuwa imeshalegea.

Aliyekaa kwenye kiti changu alikuwa mgeni mjini, hajui lolote. Nilipoinama kumfunga taulo alinitazama kwenye kioo, macho yakashuka mpaka shingoni mwangu, yakabaki hapo. Akajiondoa kidogo kwenye mgongo wa kiti.

"Samahani, dada," akasema kwa upole, "hiyo shingo ni ugonjwa gani?"

Damu ilinichemka. Nilishavuta pumzi ya kumjibu, na mngejua jibu lenyewe mngemhurumia. Lakini kutoka kiti cha pili mashine ilizimwa, na Mjomba akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi viatu:

"Si ugonjwa. Ni mimi niliyemchoma. Taulo lake fungwa bila wasiwasi, bwana, hakuna safi kama hilo."

Mteja akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaegemea kiti. Nikamwambia Mjomba aache kupiga kelele, watu wamekuja kunyolewa. Kisha nikalikunjua taulo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikamfunga.

Jioni tulipokuwa tunafagia nilimwuliza ile chupa ya siki iko wapi. Akaenda akaileta mbio, na nikainamisha kichwa anipake.